Mfupi Mbele, Mrefu Nyuma: Kuchagua Baiskeli ya Watu Wawili Inayowatosha Wote

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Moshi. Mdogo wangu wa kiume alipoteza uwezo wa kuona miaka minne iliyopita, na kabla ya hapo alikuwa akiendesha baiskeli kila siku. Tunataka kununua baiskeli ya watu wawili, mimi niongoze mbele na yeye akanyage nyuma. Nina urefu wa sentimita 161, mguu wa ndani sentimita 75 na uzito wa kilo 58. Yeye ana urefu wa sentimita 182, mguu wa ndani 87 na uzito wa kilo 79. Tumepata baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi, bado nzuri, na bei yake tunaimudu. Muuzaji anasema fremu ya mbele ni 58 na ya nyuma ni 50. Vilevile kuna fundi wa mtaani aliyejitolea kukata baiskeli mbili za kawaida na kuziunganisha kwa kuchomelea. Tungependa kupita nayo kwenye barabara za mashamba ya miwa ya TPC, na siku moja tupande hadi Marangu. Tuchague ipi?"

Marahaba, mwalimu. Nakushukuru kwa kuniandikia vipimo vyote, kwa sababu wengi huniuliza swali kama lako wakiwa wamebeba bei na rangi tu. Kwa vipimo hivyo naweza kukujibu waziwazi. Hiyo ya Uholanzi msiinunue, hata muuzaji akipunguza bei mara ya pili, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu anayekaa mbele na mtu mfupi kuliko yeye anayekaa nyuma, na ninyi mko kinyume chake. Hiyo ya kuchomelea inaweza kuzungumzika, lakini kwa masharti, na kamwe si kwa mteremko wa Marangu. Mnachohitaji ni fremu iliyo ndogo na ya chini mbele, yenye nafasi ndefu nyuma. Haionekani kila siku madukani kwetu, lakini ipo, na inafaa kuisubiri.

Nianze na mbele, kwa sababu huko ndiko baiskeli ya watu wawili inakochaguliwa. Mwenye baiskeli ya kawaida akikuta fremu imemzidi kidogo, hushuka kwa kuinamisha baiskeli upande mmoja na maisha yakaendelea. Wewe hutakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu katika baiskeli ya watu wawili dereva wa mbele ndiye stendi. Mkisimama njia panda, au kupisha ng'ombe wanaovuka, mdogo wako atabaki ameketi na miguu yake ikiwa juu ya pedeli, nawe utasimama na miguu yote miwili chini ukiwa umeshikilia kilo zake 79 na baiskeli yenyewe, ambayo kwa kawaida haipungui kilo 15 na mara nyingi hufika 20. Uzito huo ukiwa wima hausumbui. Hata mtu wa kilo 58 huumudu bila shida. Ukishainama kupita kiasi fulani hauzuiliki tena, na dereva anayesimama kwa ncha za vidole hana namna ya kuuzuia usifike hapo.

Nilijifunza jambo hili kwa maumivu ya mtu mwingine. Miaka mingi iliyopita niliwatayarishia mume na mke baiskeli ambayo siti zake nilizipima kwa uangalifu mkubwa, lakini sikupima kimo cha bomba la juu pale anaposimama dereva. Waliondoka vizuri, wakaendesha vizuri, na kwenye kituo chao cha kwanza mume alitua kwa vidole, baiskeli ikainama, wakaanguka wote wawili. Mkewe akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa siti, humsimamisha dereva juu ya fremu nikiwa nimempakia mtu nyuma.

Sasa tupime. Urefu wa mguu wa ndani hupimwa ukiwa umesimama bila viatu, mgongo ukutani, kitabu chenye jalada gumu kikiwa kimebanwa katikati ya mapaja kwa nguvu ileile ambayo siti ingekubana, kisha mtu mwingine hupima kutoka uti wa kitabu hadi sakafuni. Nadhani hivyo ndivyo mlivyopata 75 na 87. Kipimo hicho hutosha kwa siti, lakini hakitoshi kwa kusimama, kwa sababu dereva wa mbele hasimami miguu ikiwa pamoja. Huitanua, ili pedeli zisimgonge miundi pale mwenzake anapozizungusha kutafuta pa kuanzia. Rudia kipimo hicho ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, nyayo zikiwa zimeachana kwa takriban sentimita 60, nawe utaona kwamba kimo kimeshuka kwa sentimita kadhaa. Nakadiria utapata kama 72 au 73. Ondoa tena sentimita tatu ili bomba lisikuguse, na utabaki na sentimita 70 hivi: hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho bomba la juu linaruhusiwa kufika, kutoka ardhini, mahali unaposimama.

Linganisha na hiyo ya Uholanzi. Namba 58 ni urefu wa bomba linaloshika siti ya mbele, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu chini) hadi juu ya bomba. Ekseli yenyewe huwa sentimita 28 au 29 kutoka ardhini. Kwa fremu ya kawaida ambayo bomba lake la juu limelala sawa, hesabu hiyo hulifikisha bomba karibu sentimita 83 kutoka ardhini. Hata ukisimama miguu pamoja usingeweza kulivuka, na tofauti ya sentimita kumi na tatu haizibwi na viatu.

Kuna kikwazo cha pili katika fremu hiyohiyo, ambacho wauzaji huwa hawakitaji kwa sababu hakionekani mpaka mtu aanze kufunga vifaa. Kanuni ya kuanzia ya urefu wa siti ni kuzidisha mguu wa ndani kwa 0.883, jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti, ukifuata bomba. Kwako ni sentimita 66, kwa mdogo wako karibu 77. Siti pamoja na kibano chake humeza sentimita saba hadi tisa. Chini ya kibano, nguzo ya siti yako lazima ibaki wazi sentimita nne au tano, kwa kuwa hapo ndipo shingo ya usukani wa mtu wa nyuma inapokaza: usukani wake haushikwi na fremu, bali na nguzo ya siti yako wewe. Ukitoa vyote hivyo kwenye 66, bomba la fremu ya mbele haliwezi kuzidi sentimita 52 hivi. Kwenye fremu ya 58, hata ukiishusha siti mpaka ikalie bomba, ungekuwa juu mno au sawa kwa shida, na usukani wa mdogo wako ungekosa kabisa mahali pa kushika.

Kwa hiyo mbele mnatafuta bomba la siti la sentimita 42 hadi 46, lenye bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma. Mkipata hilo, mambo mengi yatajipanga yenyewe.

Nyuma ni simulizi nyingine, na naomba usiiharakishe, maana ni huko ambako watu wawili wenye mapenzi mema huachana na baiskeli baada ya mwezi mmoja. Anayekaa nyuma Waingereza humwita kwa jina la yule mtu aliyekuwa akitia makaa kwenye tanuri la treni ya mvuke, na jina hilo linasema ukweli nusu. Ni kweli kwamba kazi yake ni nguvu. Lakini mtu wa tanuri alikuwa na nafasi ya kugeuka, ilhali wa nyuma kwenye baiskeli mara nyingi hupewa masalio: umbali uliobaki baada ya fremu kufupishwa ili iwe nyepesi, na usukani uliowekwa popote palipopatikana. Mtu mfupi huweza kuvumilia. Mtu wa sentimita 182 atakuwa na pua mgongoni mwako na magoti yakigonga usukani.

Kipimo cha kuangalia ni umbali wa mlalo kutoka katikati ya nguzo ya siti ya mbele hadi katikati ya nguzo ya siti ya nyuma. Chukua futi kamba, ishike ikiwa imelala sawa, usiifuatishe mteremko wa bomba. Baiskeli nyingi za zamani za Ulaya zina sentimita 60 hadi 65 tu hapo. Kwa mdogo wako nisingekubali pungufu ya 70, na 73 au 74 zingenifurahisha zaidi. Nafasi ikizidi kidogo hurekebishwa kwa shingo ya usukani inayorefushwa kuelekea nyuma, lakini ikipungua hakuna kifaa cha kuirefusha fremu.

Halafu kuna kimo cha usukani wake, na hapa ndipo hali yenu ya mfupi mbele na mrefu nyuma inapodai akili. Siti yake itakuwa juu kuliko yako kwa takriban sentimita kumi. Usukani wake umefungwa kwenye nguzo yako, chini ya siti yako. Kwa hiyo, usipofanya lolote, mikono yake itakuwa chini ya siti yake kwa sentimita 15 hadi 20, yaani ameinama kama mwanariadha wa mashindano, tena akiwa na mgongo wako mbele ya uso. Shingo, viganja na kiuno vitamuuma kabla hamjafika Himo. Dawa yake ni shingo ya usukani inayopanda juu, pamoja na usukani uliopinda kwenda juu na kurudi nyuma, kama ule wa baiskeli za zamani za Phoenix, ili mikono yake ifike usawa wa siti yake au karibu nao. Usukani huo utapita kando ya nyonga zako, na unapokanyaga mapaja yako yatakuwa yakipanda na kushuka hapohapo, kwa hiyo uwe mpana, sentimita 60 au zaidi, na ujaribiwe ukiwa umeketi na kukanyaga. Usikubali kujaribu kwa kukaa tu.

Kwa kuwa fremu ya mbele ikiwa ndogo ya nyuma nayo huwa ndogo, labda sentimita 38 au 40, nguzo ya siti yake itatoka nje kwa urefu mkubwa. Hilo si tatizo, mradi nguzo iwe na urefu wa milimita 400 au zaidi na sehemu iliyozama ndani ya bomba isipungue sentimita kumi. Kwenye nguzo kuna alama ya mwisho wa kuivuta. Alama hiyo isionekane nje. Nimewahi kuona bomba lililopasuka kwa sababu ya kuvuta nguzo kupita alama, na huko kulikuwa na mtu mwepesi kuliko mdogo wako.

Ningeongeza gharama ya nguzo yenye springi kwa ajili yake, kabla hata ya kununua kengele au taa za urembo. Wewe utaliona shimo na utajiinua kidogo kwenye pedeli. Yeye hataliona, na gurudumu la nyuma liko karibu chini yake kabisa, kwa hiyo pigo lote humfikia yeye. Springi hupunguza pigo, na sauti yako hupunguza zaidi. Zoeeni maneno mafupi yasiyobadilika: "shimo", "tuta", "breki", "kata kulia", "acha kukanyaga". Sisemi haya kwa kudhani kwamba asiyeona ni wa kusafirishwa polepole kama yai. Douglas Sidialo, Mkenya aliyepoteza uwezo wa kuona katika mlipuko wa bomu wa tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, alikanyaga baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Mdogo wako, aliyekuwa akiendesha kila siku, miguu yake ingali inajua kazi. Anachohitaji ni kuketi mahali panapomtosha na kuambiwa kinachokuja.

Kuhusu pedeli, jueni kwamba mmefungwa pamoja. Upande wa kushoto kuna cheni inayounganisha pedeli za mbele na za nyuma, yenye meno sawa pande zote mbili, kwa hiyo mtazunguka kwa kasi ileile mpende msipende. Mwenye miguu mirefu na misuli mizito hupenda kukanyaga polepole kwa nguvu. Mwenye miguu mifupi hupenda kuzungusha haraka kwa wepesi. Mikono ya pedeli, yaani vyuma vinavyounganisha pedeli na ekseli, iliyo mingi sokoni ina urefu wa milimita 170. Kama mtapata ya 165 au 160 mbele na 170 nyuma, magoti yako yatashukuru na mwendo wenu utakaribiana. Mwanzoni pangeni pedeli zote zifuatane, za mbele zikiwa juu na za nyuma ziwe juu, kwa sababu kuondoka na kusimama huwa rahisi zaidi hivyo. Cheni hiyo ya kushoto isilegee: ukiibonyeza katikati isogee kama sentimita moja tu. Ikilegea inaweza kuruka meno, na mpangilio wote ukavurugika mkiwa njiani.

Sasa Marangu. Kutoka Marangu Mtoni kurudi Himo barabara huteremka karibu bila kupumzika, na hapa sina mzaha na mtu yeyote. Fanya hesabu nami. Ninyi wawili mna kilo 137. Ongeza baiskeli, maji na vitu vidogo, mnafika kilo 160. Kushuka mita 400 tu kwa uzito huo huachia nishati ya kilojuli 628, na hiyo inatosha kupasha moto karibu lita mbili za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Mkienda kasi, upepo huchukua sehemu kubwa ya nishati hiyo. Mkienda taratibu, kama inavyowapasa watu wanaoanza, upepo huchukua kidogo na breki hubeba iliyobaki. Breki za raba zinazobana rimu huipasha rimu joto, rimu huipasha tyubu, na tyubu inaweza kupasuka mkiwa katikati ya kona. Breki za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) za baiskeli za mjini za Uholanzi zilibuniwa kwa nchi tambarare. Zikichemka hupoteza nguvu pale mnapozihitaji zaidi.

Kwa hiyo, kama Marangu imo kweli katika mipango yenu, tafuteni baiskeli yenye breki za diski, sahani zake ziwe na kipenyo cha milimita 203 au karibu na hapo. Ikiwa ina breki za raba pekee, basi iongezewe breki ya tatu kwenye habu ya nyuma kwa ajili ya kupunguza mwendo kwenye miteremko mirefu. Watengenezaji wengine huweka mkono wa breki hiyo kwa mtu wa nyuma, nami naona ni jambo jema kwenu, kwa kuwa atakuwa na kazi ya maana wakati wa kushuka na atasikia mwendo ukitii mkono wake. Hata hivyo simameni kila baada ya muda ili breki zipoe, wala msiiguse sahani kwa vidole.

Magurudumu yataamua kama mtafurahia au mtashinda kwa fundi. Spoku 36 kwa gurudumu ndicho kiwango cha chini, 40 ni bora. Yenye 32 iacheni. Tairi liwe na upana wa milimita 47 au 50 kwa barabara za vumbi za mashambani. Kuhusu saizi, kuna mtego ambao umewapotezea watu wengi fedha. Tairi linaloitwa "28" kwenye baiskeli za Ulaya huwa na kipenyo cha rimu cha milimita 622, ilhali "28" ya Phoenix na baiskeli nyingine za mizigo tunazozijua huwa milimita 635, na moja haliingii kwenye rimu ya nyingine. Msisome namba kubwa iliyoandikwa kwa mapambo. Someni namba ndogo ubavuni, kama vile 47-622 au 50-559. Nawashauri mtafute ya 559, yaani inchi 26 ya baiskeli za milimani, kwa sababu tairi zake hupatikana hata Himo, gurudumu lake ni imara zaidi, na fremu yake hukaa chini zaidi, jambo ambalo wewe ndiwe utakayefaidika nalo.

Huyo fundi wa kuchomelea simdharau. Ana kitu kimoja ambacho kiwanda cha Uholanzi hakina: anaweza kuwapima ninyi wawili na kujenga kwa vipimo vyenu. Lakini kukata baiskeli mbili nzima na kuziunga katikati huacha fremu ndefu isiyo na uti. Baiskeli ya watu wawili hubeba mzigo wake kwa bomba nene linalounganisha ekseli mbili za pedeli chini, na kwa kawaida bomba jingine la mshazari linalovuka fremu, na bila hayo hujisokota kila mnapokanyaga, mpaka maungio yapasuke. Mabomba membamba ya baiskeli hupoteza nguvu yanapochomelewa kwa moto mwingi, na breki za vyuma za baiskeli za mizigo hazitoshi watu wawili. Kama atakubali kuanza na mabomba mapya badala ya kukata, akaweka hayo mawili, na magurudumu yakasimama kwenye mstari mmoja mkiyatazama kutoka nyuma, basi itawafaa kwa barabara tambarare za TPC asubuhi za Jumamosi. Marangu msiende nayo.

Kama mtaagiza, angalieni aina mbili. Ya kwanza ni baiskeli za watu wawili zenye magurudumu madogo ya inchi 20, kama zile za Bike Friday ya Marekani na Circe ya Uingereza. Fremu zake ziko chini sana na siti na usukani hurekebishwa kwa upana mkubwa, kiasi kwamba mfupi na mrefu huweza hata kubadilishana mahali. Hakikisheni tu kwamba rimu ni ya 406, ambayo tairi zake tunazo kwa sababu ya baiskeli za watoto, na si ya 451. Ya pili ni za milimani za inchi 26 zilizotumika, ambazo huja mara mojamoja katika makontena ya mitumba. Ipo pia aina ya tatu, Pino ya kampuni ya Hase ya Ujerumani, ambapo mmoja hukaa mbele ameegemea na kunyoosha miguu, na anayeongoza hukaa nyuma akiona juu ya kichwa cha mwenzake. Kwa tofauti yenu ya kimo ingekuwa suluhisho zuri sana, na mdogo wako angepigwa na upepo usoni badala ya kukaa nyuma ya mgongo wako. Lakini ni ghali, na vipuri vyake vingi havina mbadala hapa kwetu. Ningeinunua kama ningekuwa na uhakika wa mtu wa kuniletea vipuri.

Siku ya kujaribu, nendeni wote wawili, na msikubali kujaribishwa barabarani. Tafuteni uwanja wa shule. Panda wewe kwanza, tanua miguu, kamata breki zote, kisha mdogo wako apande na kuketi, azungushe pedeli nyuma na mbele huku wewe ukisimama bila kuyumba kwa dakika nzima. Ukiyumba, jaribio limeisha, hata kama mengine yote ni mazuri. Mkifaulu, ondokeni, zungukeni uwanja mara tano, simameni mara tano, kisha mwulize yeye kabla hujasema lolote: magoti yanagusa kitu, mikono iko wapi, kiuno kinasemaje, uso uko mbali kiasi gani na mgongo wako? Wa nyuma wengi huvumilia kimya kwa sababu wanajiona ni wageni kwenye baiskeli ya mwenzao, na asiyeona huvumilia hata zaidi. Jibu lake la kwanza likiwa "sawa tu", uliza tena.

Mkipata baiskeli inayoelekea kufaa, nitumieni vipimo vinne kabla ya kulipa: kimo cha bomba la juu kutoka ardhini pale unaposimama, urefu wa bomba la siti ya mbele, umbali wa mlalo kati ya nguzo mbili za siti, na namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Pamoja navyo nipigieni picha ya breki ya nyuma. Nitawajibu siku hiyohiyo, na mkipenda ileteni Arusha, nitawafungia usukani wa nyuma mwenyewe.